Uzi maalumu: Kuzalisha kambare wa Amerika Kusini kwenye tanki la nyumbani (pleko wa ndevu, kori na jamaa zao)

#1 FundiVioo

Wakuu, habari za humu. Maswali ya pleko na kori yametawanyika kila kona na majibu hayakai pamoja. Tuyakusanye hapa. Naanza na pleko wa ndevu, Ancistrus, maana ndiye mwepesi kuzaa kuliko wote. Wenye kori wataendeleza.

Madukani anauzwa kama msafisha kioo. Wakuu, msafisha kioo ni wewe na sponji lako. Pleko anakwangua mwani laini, lakini akitegemea mwani peke yake anakonda: tumbo linaingia ndani, macho yanadidimia, na siku moja mwenye tanki anasema "kafa ghafla". Amekufa kwa njaa, tena taratibu. Kabla ya kununua, subiri abandike mdomo kwenye kioo cha mbele umtazame tumbo. Likiwa limebonyea, mwache hapo hapo dukani.

Tanki. Dume mmoja na majike wawili wanatosha kwenye sm 80 × 35 × 40 (zidisha, gawanya kwa 1,000: lita 112). Sm 60 inawezekana kwa jozi moja, ila maji yanachafuka upesi kwa sababu hawa wanakula na kunya mfululizo. Madume wawili wakubwa wanataka tanki la sm 120 na mapango yaliyoachana, la sivyo mmoja ataishi nyuma ya filta na mapezi yaliyochanika.

Filta. Sponji mbili kubwa zinazoendeshwa na pampu ya hewa ni bora kuliko filta moja ya bei kali. Vifaranga hawanyonywi, na ule utando juu ya sponji ni chakula chao. Tanki jipya liendeshwe wiki 4 hadi 6 bakteria wakomae kwanza. Kipimo kikisoma amonia 0 na naitraiti 0, ndipo samaki waingie. Naitreti iwe chini ya miligramu 20 kwa lita, na ikigusa 40 umechelewa kubadilisha maji.

Gogo ni lazima, wanalikwangua usiku kucha. Tawi la mpera lililokauka kabisa linafaa: bandua gamba lote, lichemshe au lilowekwe wiki mbili mpaka lizame lenyewe, ukimwaga maji kila yakigeuka rangi. Wiki za mwanzo litaota utando mweupe kama kamasi. Usihangaike nao, wataula. Mikoko iacheni ufukweni. Kuikata bila kibali ni kosa, na mti wake umejaa chumvi.

Dume na jike. Kuanzia sm 5 au 6 dume anaota ndevu nene zenye matawi, zinapanda hadi katikati ya macho. Jike ana vijidevu vifupi pembezoni mwa mdomo, au hana kabisa. Wengi wanaanza kutaga wakifika sm 7 au 8, umri unakaribia mwaka.

Pango ndiyo roho ya shughuli. Bomba la PVC la inchi 2, likate sm 13 hadi 15, upande mmoja uzibe kwa kipande cha kigae na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia kuvu (ile inayonuka siki), iache ikauke siku mbili. Kwaruza ndani kwa msasa, mayai hayashiki vizuri kwenye plastiki laini. Mwanzi mnene wenye kifundo upande mmoja unafanya kazi ile ile, ingawa baada ya mwaka hivi unaanza kulainika. Dume anataka kipenyo kinachombana: akiingia, mapezi ya ubavuni yaguse kuta. Laza pango, mdomo uelekee mbali na taa, na weka mapango mawili kwa kila dume.

#2 Shangazi_wa_Tanga

Asante kaka. Hujagusa maji. Kisima cha pwani kinasoma TDS (kipimo cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) 900 na birika linaota chokaa. Pleko atazaa humo?

#3 FundiVioo

Kuishi ataishi, shangazi. Kuzaa ndiyo kazi. Pleko wa ndevu yuko sawa TDS 100 hadi 350, pH 6.5 hadi 7.8. Chumvi ya kisima cha pwani si chokaa peke yake, mna na chumvi ya bahari, na hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Njia rahisi ni mvua. Bati likishaoshwa na dakika 15 za kwanza, kinga maji kwenye ndoo safi. Yatasoma kama 20. Ndoo moja ya kisima kwa tatu za mvua: 900 jumlisha 60, gawanya kwa 4, unapata 240. Usijaze mvua tupu. Haina kitu cha kushikilia pH, na siku moja inaporomoka mpaka 5, bakteria wa filta wanalala, amonia inapanda bila wewe kuona chochote. Ugumu wa kaboneti, ndio unaoshikilia pH, usishuke chini ya digrii 3.

Wa maji ya bomba, klorini inatoka ukiyaacha saa 24 na jiwe la hewa. Ikiwa mamlaka yenu inatumia kloramini, kukaa hakusaidii, nunua dawa ya kuondoa klorini.

#4 Kori_Nairobi

Nichukue upande wa kori, Corydoras. Kwanza majina: mwaka 2024 wanasayansi waliigawa ile jenasi, kwa hiyo kori wa shaba sasa ni Osteogaster aenea, na yule wa madoadoa ya kijivu (paleatus) ni Hoplisoma paleatum. Wauzaji bado wanaandika majina ya zamani. Ukitafuta habari zao tumia yote mawili.

Kuchagua spishi kunaanza na dirisha la nyumba yako, si na rangi. Paleatus ametoka bonde la La Plata, kule Argentina na Uruguay, ni samaki wa baridi: nyuzi 18 hadi 23. Nairobi, Limuru, Iringa, Mbeya, unamfuga bila hita. Dar, Mombasa na Zanzibar, ambako maji ya tanki yanakaa 28 hadi 30, mtamchosha bure. Ataishi maisha mafupi na mayai yataoza. Watu wa pwani chukueni kori aitwaye sterbai. Anatoka mto Guaporé, mpakani mwa Brazili na Bolivia, na nyuzi 26 hadi 28 ndiyo raha yake. Kori wa shaba yuko katikati, ni mvumilivu.

Kundi liwe sita na kuendelea, wa spishi moja. Wawili watatu waliochanganywa rangi hawatafanya lolote zaidi ya kujificha. Kwa kuzalisha, madume wawili kwa kila jike. Jike unamjua ukimtazama kwa juu: ni mpana baada ya mapezi ya kifuani, dume ni mwembamba na mfupi kidogo.

Chini weka mchanga laini wa mto, sm 3. Uoshe mpaka maji yatoke meupe, kisha mimina siki kidogo juu yake: ukichemka povu una chokaa, tafuta mwingine. Kori anakula kwa kuingiza mdomo mchangani na kupitisha mchanga matamvuani. Kwenye kokoto, mabaki yanazama chini, yanaoza, na bakteria wanakula sharubu zake mpaka zinabaki vishina. Watu wanalaumu ncha za kokoto. Mara nyingi ni uchafu ulio chini yake. Hata mchanga usipofyonzwa juu kila wiki utaleta matokeo yale yale.

#5 Kori_Nairobi

Kutaga sasa. Kwao wanataga mvua zikifika, kwa hiyo kazi yako ni kuigiza kiangazi halafu masika.

Wiki mbili za kiangazi: lisha vizuri, minyoo myekundu iliyogandishwa au uduvi uliosagwa, mara mbili kwa siku kidogo kidogo, bila kubadilisha maji mengi (asilimia 10 inatosha). Majike wanajaa mpaka tumbo linaonekana la waridi.

Kisha masika: jioni badilisha asilimia 50 kwa maji yenye ubaridi wa nyuzi 3 hadi 5 chini ya yale ya tanki, TDS yake iwe ndogo pia. Ongeza hewa. Wasipotaga asubuhi, rudia siku tatu mfululizo. Ikigoma, acha wiki, anza upya. Siku mvua kubwa inapokuja na mgandamizo wa hewa unashuka, badilisha siku hiyo hiyo; mara nyingi ndiyo inayofungua mlango.

Utawaona madume wanamfuata jike juu ya kioo. Dume anajilaza ubavu mbele yake, jike anabandika mdomo ubavuni mwa dume, wanakaa mkao wa herufi T kama sekunde kumi. Jike anaachia mayai machache, mawili hadi manne kwa kori wa shaba, anayakunjia kwenye mapezi ya tumbo kama kikapu, anapanda kioo, anasafisha sehemu kwa mdomo na kuyabandika. Inaendelea saa kadhaa. Mayai 100 au 200 kwa jike mkubwa ni kawaida.

Wakimaliza kutaga, wazazi wenyewe ndio adui wa kwanza. Subiri saa moja ganda likaze, kisha yaviringe kwa kidole kilicholowa au kadi ya plastiki. Hayapasuki kirahisi.

#6 Dada_Mkungu

Hapo kwenye mayai ndipo watu wanapopoteza kila kitu, ngoja niongezee.

Chombo cha lita 3 hadi 5, maji ya tanki lile lile, jiwe la hewa linalosukuma maji yapite juu ya mayai bila kuyarusha. Mayai yaachane. Yakikaa kichala, moja likiota kuvu linayavuta ya jirani ndani ya siku moja.

Dawa ya kuvu ni methilini bluu. Chupa ya asilimia 1: mililita 1 kwa lita 5, ambayo ni miligramu 2 kwa lita. Maji yawe bluu unayoweza kuona mkono wako ng'ambo. Faida nyingine ni kwamba mayai yasiyo na uhai yanameza rangi, yanakuwa bluu nzito, unayatoa kwa bomba la sindano bila kubahatisha. Siku ya kuanguliwa badilisha maji mengi upunguze rangi. Msiimwage kwenye tanki kubwa, inaua bakteria wa filta.

Asiyetaka dawa, majani ya mti wa mkungu. Yako bure kila mtaa wa pwani. Okota yaliyoanguka yenyewe, mekundu au kahawia, mbali na barabara na moshi. Osha, jani moja kubwa kwa lita 20, kwa chombo kidogo kata kipande cha kiganja. Maji yatakuwa rangi ya chai. Tanini yake inachelewesha kuvu. Mayai yasiyorutubishwa bado itabidi uyatoe kwa mkono: yanakuwa meupe kama maziwa, mazima yanakuwa ya hudhurungi na siku ya tatu unaona macho.

Kwenye nyuzi 25 yanaanguliwa siku 3 hadi 5. Siku mbili za mwanzo vifaranga wana kifuko cha kiini, usilishe kitu. Kuanzia siku ya tatu: artemia (uduvi wadogo wa maji ya chumvi) waliotoka kuanguliwa, au mikrowomu (minyoo midogo sana ya kufugwa).

#7 Shangazi_wa_Tanga

Artemia unaangua vipi bila vifaa vya dukani? Na huyo mikrowomu unamfuga wapi?

#8 Dada_Mkungu

Artemia: chupa ya maji ya lita 1.5, ikate kitako, igeuze kichwa chini. Lita 1 ya maji, gramu 25 za chumvi ya mawe isiyo na madini joto (uko pwani, chota maji ya bahari, changanya tatu kwa moja na maji baridi). Nusu kijiko cha chai cha mayai. Mrija wa hewa ufike shingoni, hewa kali, hakuna jiwe. Taa karibu, nyuzi 27, saa 24. Zima hewa dakika 10: maganda yanaelea, walio hai wanakusanyika chini kwenye mwanga, unawavuta kwa mrija na kuwachuja kwenye kitambaa kizito. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi ndipo uwape. Maganda yakiingia tumboni mwa kifaranga yanaziba utumbo, kwa hiyo usiwe na haraka.

Mikrowomu: bakuli lenye mfuniko uliotobolewa matundu madogo, uji mzito wa shayiri uliopoa, unene wa sm 1, hamira ya kunyunyiza tu, kijiko cha mbegu kutoka kwa mwenzako. Baada ya siku chache wanapanda kuta za bakuli, unafuta kwa kidole au brashi. Uji ukinuka vibaya na kuwa majimaji, anzisha mwingine. Daima weka mabakuli mawili ya umri tofauti.

#9 KiooCheusi

Narudi kwa pleko. FundiVioo ameweka mambo ya pango lakini kaishia mlangoni. Dume akitupa mayai nje, kosa liko wapi? Ni swali la kila mtu.

#10 FundiVioo

Nimeacha makusudi lizuke.

Mfululizo wenyewe: badilisha maji asilimia 40 hadi 50 kwa baridi ya nyuzi 3, siku mbili au tatu. Dume anaanza kusugua pango kwa mkia. Jike mnene anajipenyeza, dume anamfungia humo, saa chache hadi siku mbili. Usimwokoe, hajanaswa. Akitoka ameacha kichala cha mayai ya rangi ya chungwa, 40 hadi 100. Kuanzia hapo ni kazi ya baba. Anapepea kwa mapezi usiku na mchana na karibu hali kitu. Kwenye nyuzi 26 yanaanguliwa siku ya 4 hadi ya 6, kisha wanabeba kiini kikubwa cha njano siku nyingine 5 hadi 7. Wanatoka pangoni kiini kikishaisha.

Mayai kutupwa nje, sababu ninazozijua kwa mpangilio wa uwezekano: dume mchanga anayejifunza (mara ya pili au ya tatu anatulia), pango pana mno, mkia wake unang'oa kichala anapopepea, pango laini ndani, mtu anamulika tochi kila nusu saa (acheni), hewa ndogo usiku, hasa maji yakipita nyuzi 29, na jike wa pili anayelazimisha kuingia. Ona sababu ngapi kati ya hizo zinatoka kwa mwenye tanki.

Yakitupwa, yaweke kwenye kikapu cha kuning'inia ndani ya tanki hilo hilo, jiwe la hewa chini yake, viputo vipite pembeni, kichala kitikisike polepole. Ondoa meupe kila siku.

#11 Dada_Mkungu

Mimi sikubaliani na kumwachia baba hadi mwisho. Kwenye tanki lenye majike na samaki wengine, vifaranga wakitoka pangoni wanatawanyika na huwezi kuwalisha. Siku ya tatu baada ya kuanguliwa, toa pango zima chini ya maji, liinamishe juu ya kikapu, mwage. Dume anatangulia au anang'ang'ania. Mrudishe na pango lake. Hapo una vifaranga wote mahali pamoja na unawapa chakula siku kiini kinapoisha.

#12 FundiVioo

Kwa tanki la mchanganyiko uko sahihi. Kwenye tanki la pleko tupu sioni haja: baba hali vifaranga wake, wanalala kwenye sponji na gogo, na utando wa tanki lililokomaa unawabeba wiki ya kwanza. Kuwamwaga siku ya tatu wakiwa na kiini kizito kunawaumiza wengine. Kiini kikikwaruzwa kinapasuka. Anayetaka kutoa basi asubiri kiini kibaki ukubwa wa kichwa cha pini.

#13 Dada_Mkungu

Hilo la kiini nakubali. Kikapu sibadilishi.

#14 Mzee_Xingu (Hamburg)

Salaam kutoka Ujerumani. Wafugaji huuliza "pleko L ngapi", yaani namba ya kutambulisha aina ya pleko, bila kuambiwa inatoka wapi: namba za L zilianza mwaka 1988 kwenye jarida la huku linaloitwa DATZ, kwa sababu samaki walikuwa wanafika bandarini kabla hawajapewa jina la kisayansi. L ni Loricariidae, familia yao. Ndiyo maana samaki mmoja anaweza kuwa na namba mbili, na spishi mbili zikachangia namba.

Nataka kuzungumza na wa pwani kuhusu joto, maana kila mtu analia kuwa maji ni moto. Kuna pleko anayetaka hivyo hasa: pundamilia, Hypancistrus zebra, L046. Kwao ni Volta Grande ya mto Xingu, Brazili, mapango ya mawe, maji ya kasi, nyuzi 28 hadi 30. Hazidi sana sm 8 hadi 10. Pango lake ni jembamba, kipenyo cha sm 3 hivi, na kichala chake kina mayai kama 10 hadi 15 tu. Hali mboga kama Ancistrus, mpe uduvi, minyoo, vidonge vya nyama. Maji ya moto hayashiki hewa nyingi, kwa hiyo pampu ya mkondo na pampu ya hewa zote ziwepo, bila utani.

Ila kununua kuna masharti. Brazili ilipiga marufuku kumsafirisha zamani, bwawa la Belo Monte limegeuza maji ya makazi yake, na tangu 2023 yumo Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Anayekuuzia kimataifa bila kibali cha CITES anakuuzia kesi. Mnunue aliyezaliwa kwenye matanki, na karatasi zake.

#15 KiooCheusi

Sawa mzee, ila bei yake mtu anauza kiwanja. Tubaki na Ancistrus.

Njia za kupoza kwa sisi wa Dar: feni ndogo ya kompyuta ipulize juu ya maji, mfuniko uwe wazi nusu. Inashusha nyuzi 2, msimu wa kaskazi na unyevu wake labda 1. Maji yanayopotea kwa mvuke yanaacha chumvi nyuma, hivyo kujaza iwe kwa maji ya mvua, si ya kisima, la sivyo TDS inapanda kila wiki. Chupa ya barafu weka siku ya kuigiza masika tu. Kila siku inapandisha na kushusha joto, na kupanda shuka ndiko kunaleta ugonjwa wa madoadoa meupe.

Na madoadoa yakija, angalieni dawa. Kambare hawa hawana magamba ya kawaida, wanaumizwa na dawa za shaba na kijani malakaiti. Pandisha joto taratibu hadi 30 kwa siku 10 hivi, hewa mara mbili, fyonza mchanga kila siku. Kwa paleatus njia hiyo haifai. Kwake tumia dawa kwa nusu dozi.

#16 Shangazi_wa_Tanga

Chakula cha pleko mmekitaja juu juu. Mchicha? Kisamvu?

#17 FundiVioo

Kisamvu hapana shangazi, kina sumu ya sianidi mpaka kipikwe sana.

Mchicha, majani ya maboga, boga, njegere zilizomenywa: chovya kwenye maji yanayochemka dakika 2, poza. Tango linaliwa sana lakini ni maji matupu, msilitegemee. Funga kwenye kijiko cha chuma lizame, weka taa ikizimwa, ondoa asubuhi. Ikilala siku mbili kwenye nyuzi 28 inageuka supu, na vifaranga ndio wanaokufa kwanza. Mboga za sokoni loweka na suuza, dawa za wadudu zipo.

Wazazi wanaoandaliwa kutaga waongezee uduvi mara mbili kwa wiki. Uduvi mkavu una chumvi: loweka dakika 20, mwaga maji, rudia. Ukizidisha mara mbili kwa wiki wanavimba tumbo, utumbo wao ni mrefu, umejengwa kwa mimea.

Vifaranga ni kinyume cha wanavyodhani watu. Wanataka chakula mbele yao saa zote, na maji safi saa zote, na hayo mawili yanagombana. Suluhisho ni kubadilisha asilimia 30 kila siku, kufyonza chini kwa mrija mwembamba wa hewa, na kuwapa jani moja la mchicha kwa wakati. Wakikosa chakula usiku mbili tu, asubuhi unawakuta wamelala chali matumbo yakiwa matupu. Wakilishwa vizuri wanafika sm 3 kwa miezi miwili hadi mitatu.

#18 Juma_Albino

Nimechanganya dume albino na jike wa kahawia. Vifaranga wote kahawia. Dume ni feki?

#19 Mzee_Xingu (Hamburg)

Si feki. Ualbino unafichwa na rangi ya kawaida. Kifaranga anahitaji nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Hawa wako wote wamebeba nakala moja bila kuionyesha. Ukimrudisha mmoja wao kwa albino, nusu ya watoto watakuwa albino. Ukizalisha wao kwa wao, robo. Lakini wao kwa wao ni ndugu, na ukirudia vizazi kadhaa unaanza kuona vifuniko vya matamvua vifupi na mapezi yaliyopinda. Tafuta damu ya nje kutoka kwa mfugaji mwingine. Pezi refu ni tofauti, lenyewe halifichiki: nakala moja inatosha kuonekana.

#20 Kori_Nairobi

Kabla uzi haujaenda mbali: yule mkubwa mwenye madoa kama chui, Pterygoplichthys, anayeuzwa akiwa sm 5 pamoja na Ancistrus. Anafika sm 40 na zaidi. Utamtambua kwa pezi la mgongoni: lake lina miiba laini 10 au zaidi na likisimama ni kama tanga la jahazi, la Ancistrus lina kama 7. Tanki la nyumbani halimtoshi, na watu wakichoka wanamtupa mtoni.

Msithubutu. Kwenye bwawa la Infiernillo, Mexico, alijaa mpaka wavuvi wa perege wakawa wanavuta nyavu zilizojaa yeye, na miiba yake inazichana. Madume wanachimba mashimo kingoni, kingo zinabomoka. Anavuta hewa kwa tumbo maji yakikosa oksijeni, kwa hiyo hafi kirahisi. Ziwa Victoria lilishaletewa sangara, inatosha. Aliyemchoka amrudishe dukani au ampe mwenye bwawa la zege lisilo na njia ya kutokea.

#21 Juma_Albino

Umeme ukikatika mayai yakiwa pangoni?

#22 KiooCheusi

Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, weka kwenye tanki la uzazi kwanza, mengine baadaye. Kama huna: chota maji kwa jagi, yamwage kutoka urefu wa sm 30, dakika mbili kila robo saa. Usilishe. Dume mwenyewe anaendelea kupepea, tatizo ni hewa ndani ya maji anayopepea. Filta ya kopo iliyofungwa ikizimika zaidi ya saa mbili au tatu, usiiwashe tu. Maji yaliyomo yameoza. Ifungue, mwaga, suuza sponji kwa maji ya tanki, ndipo uwashe. Sponji za hewa hazina shida hiyo.

#23 Juma_Albino

Na kusafirisha? Kuna mteja Dodoma anataka kori 20 na pleko 10.

#24 Dada_Mkungu

Wasile saa 24 hadi 48 kabla. Usitumie wavu wa kawaida: miiba ya mapezi ya kori na ile ya mashavu ya pleko dume inanasa. Wavue kwa bakuli. Akinasa, rudisha wavu majini, asipojitoa kata nyuzi, usimvute.

Kori wakishtuka wanatoa sumu ndani ya mfuko na inawaua wenyewe. Utaona maji yana povu. Wafunge kwanza kwenye ndoo yenye maji kidogo nusu saa, wamalize hasira, kisha maji mapya na mfuko wa safari. Kori 5 kwa mfuko wa lita 1 ya maji, pleko wa sm 3 watatu. Mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, pembe zimefungwa kwa gundi ya karatasi zisiwe mtego, gazeti katikati. Theluthi moja maji, mbili hewa, oksijeni ya mtungi kama unaipata. Boksi la styrofomu, safari ya usiku.

#25 Juma_Albino

Pleko watatu mfuko mmoja hawatagombana?

#26 Dada_Mkungu

Wa sm 3 hapana. Madume wenye ndevu, kila mmoja na mfuko wake.